Shamba Mpaka Baharini

Mume wangu Kahiga akiona ardhi tupu hupata njaa. Sisemi kwa kumsengenya, hata yeye ukimwuliza atakubali. Tukipita Timau kwenda kumwona dada yake, lazima akae dirishani, atazame ngano ya watu mpaka mate yamtoke. Kwa hivyo binti yetu Murugi alipotuletea mchumba kutoka Zanzibar, mimi nilijua mambo yataishia kwa shamba.

Mchumba mwenyewe, Makame, alikuwa akiuza nguo na viungo kwa duka la mjomba wake pale Majengo, Nyeri, karibu na msikiti. Kijana mpole, Kiswahili chake kimepigwa pasi, sisi watu wa mlimani tunaona haya kufungua mdomo mbele yake. Mambo ya dini tuliyalilia mwaka mzima. Wazee wa kanisa walikuja wakalia nasi, wakanywa chai, wakalia tena. Makame alisema Murugi atabaki na kanisa lake, lakini Kahiga hakutaka kusikia. Halafu siku moja, katikati ya kukataa, akamwuliza kwao ni wapi hasa.

"Kwetu shamba, mzee," Makame akajibu.

Kahiga akaweka kikombe chini. Akauliza kama ni kubwa. Makame akasema ni kubwa sana, ukishatoka mjini ni shamba tu mpaka ufike baharini.

Wacha nikwambie, machozi ya dini yalikauka papo hapo. Kufikia Jumapili habari zilikuwa zimefika Kutus kwa binamu yake Hezekiah, ati Kahiga anapata mkwe ambaye shamba lake limepakana na bahari. Mimi nami nikaambiwa niache kulia, kana kwamba machozi ni mfereji wa kufungwa. Lakini Kahiga hatoi kitu kabla ya kukagua. Alisema harusi itakuwa akishaona mipaka kwa macho yake. Kama hakuna shamba, Murugi anarudi na sisi Nyeri na hiyo hadithi iishie hapo. Na Murugi alikuwa amempenda yule kijana mpaka chakula hakipiti. Nilimwona akikonda, roho ikaniuma.

Basi tukaenda, sisi watatu na Makame, mwezi wa nane mwaka wa tisini na sita. Ya njiani nayaacha, isipokuwa kwamba Kahiga alitapika kwenye meli na akalaumu maandazi yangu.

Alikuwa amevaa koti la sufu, sweta ndani, na kofia juu. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye soksi, na nikimwambia avue ananiambia mtu hakagui shamba na shati. Makame aliazima pikapu ya rafiki yake, tukatoka mjini. Nyumba zilipoanza kupungua Kahiga akauliza hapa ni wapi.

"Hapa sasa ni shamba, mzee."

Kahiga akanifinya mkono. Akauliza na pale kwenye minazi? Pale pia shamba. Na ng'ambo ile ya migomba? Shamba. Tukapita msitu mkubwa wenye kima wekundu, na hata wale kima aliwatazama kama mifugo ya ukoo. Aliniambia kwa Kikuyu kwamba Timau yote ni bustani ya sukuma wiki ukilinganisha na hii.

Siku mbili tulizunguka tukitafuta mpaka. Makame alidhani mkwe wake anapenda matembezi, akafurahi, akatupeleka kila mahali. Tulifika Chwaka, kwenye ghuba pana ambayo mikoko imesimama ndani ya maji. Tukaenda Bwejuu, nyumba za mawe na makuti, watoto wakatufuata wakicheka koti. Kila ufuko tuliofika Kahiga aliinama, akachota mchanga ule mweupe, akaunusa, akausugua kwa vidole. Alisema unataka samadi, tena nyingi, lakini hakuna udongo unaokataa samadi. Huko Michamvi akasimama mikono kiunoni, akanionyesha mahali tutaweka ng'ombe wa maziwa. Mimi nilikuwa natazama maji. Sikuwa najua maji yanaweza kuwa na rangi ile, na nilitaka niachwe niyatazame kidogo tu, lakini wapi. Ilibidi nitazame zizi.

Karibu na hapo mama mmoja mzee alikuwa ameketi akisuka makuti. Kahiga akamsalimu, akamwuliza amekaa hapo tangu lini. Mama akasema tangu azaliwe. Kahiga akamwambia kwa upole kabisa asiwe na wasiwasi, harusi ikishafanyika hakuna mtu atafukuzwa.

Yule mama akamtazama yeye, akatazama koti, halafu akamgeukia Makame. "Mzee wako huyu kanywa nini?"

Ndipo Makame akaelewa. Maskini, alitoa jasho kumshinda Kahiga. Akaanza kueleza polepole kwamba kwao kokote nje ya mji huitwa shamba. Mtu akisema kwetu shamba, anasema yeye si wa mjini, basi, hata kama hana mche wa muhogo.

Kahiga akauliza hii yote basi ni ya nani. Makame akasema ni ya wenyewe, ya hawa wanaokaa hapa.

Hapo Kahiga akavua koti. Tukarudi Jambiani, nyumbani kwa mama yake Makame, tulikokuwa tumefikia. Huko akasema maneno machache tu, kwamba Murugi afunge mizigo, kesho tunarudi. Mimi kicheko kilikuwa kimenijaa tangu Michamvi, nakizuia kwa leso. Nilipoona uso wa mtoto wangu kikakatika chenyewe.

Mama yake Makame, Bi Miza, ni mjane mdogo wa mwili na hana haraka ya kusema. Alituwekea chai kwanza. Kisha akamwuliza Kahiga kama anachotaka ni shamba la kulima, kwa sababu hilo yeye analo. Kahiga akauliza liko wapi. Bi Miza akanyoosha kidole baharini. Maji yalikuwa yamejaa, yanapiga karibu na shina la mnazi.

"Sasa halionekani," akasema. "Subiri maji yatoke."

Kahiga akaniambia kwa Kikuyu kwamba amezeeka vizuri Nyeri, ikabidi avuke bahari ndiyo achezewe.

Asubuhi maji hayakuwepo. Haki ya Mungu, yalikuwa yamekwenda mbali mpaka nikaogopa. Na pale yalipokuwa tuliona mashamba, kweli mashamba: vijiti vimesimama kwa mistari, kamba zimevutwa toka kijiti hadi kijiti, na wanawake wameinama kati yake kama siku ya palizi. Bi Miza akatueleza kwamba ni mwani, majani ya baharini. Unafunga vipande kwenye kamba, vinakua, unavuna, unakausha, unauza. Wanunuzi wanaupeleka Ulaya, wanautia hata kwenye dawa ya meno. Kahiga alishindwa kujizuia, akasema mistari imenyooka. Halafu akakumbuka amekasirika. Akamwuliza Makame ni mistari gani yake.

Makame akasema yeye hana. Mwani ni kazi ya kina mama, na shamba ni la mama yake.

Basi Kahiga akasema kwa sauti, kila mtu asikie, kwamba hawezi kumpa binti yake mwanamume ambaye hata ndani ya maji hana kipande.

Murugi alikuwa huko na Bi Miza, gauni amelifunga kiunoni, anafunga mwani. Murugi huyu huyu ambaye Nyeri alikuwa akiumwa kichwa kila siku ya kuchuma kahawa. Akanyooka.

"Baba," akasema, "tangu tufike unapima ya Makame. Yangu iko wapi?"

Mwaka uliopita Kahiga aligawa shamba letu, kila kaka yake Murugi akapewa lake, mawe ya mpaka yakawekwa, mbuzi akachinjwa. Murugi ndiye alipika ile nyama. Hakuna aliyemtaja, maana kwetu msichana ataolewa, shamba la nini? Nilimtazama mume wangu nikaona neno limemwingia.

Kisha akakaa mchangani, akavua viatu, akavua zile soksi, akakunja suruali. Akaingia majini na miguu yake ya mlimani, anaruka kila akikanyaga jiwe, akamwomba Bi Miza kamba tupu. Vifundo vya kwanza Bi Miza alivifungua vyote bila kumwonea haya, akamwonyesha tena. Kahiga hakubisha. Hiyo peke yake nilikuwa sijaiona tangu tuoane.

Maji yakaanza kurudi. Wanawake wakabeba magunia yao wakatoka, wakamwita naye atoke. Akasema mstari haujaisha. Maji yakamfika kiunoni, na Kahiga hajui kuogelea, hata mto wa Chania huuvuka kwa daraja tu. Nilipiga kelele, nilimtukana, nilimwambia sitambeba mpaka Nyeri akiwa maiti. Makame akaingia akamshika mshipi kwa nyuma, na mkwe wake akaendelea kufunga, kidevu juu. Alipomaliza kifundo cha mwisho ndipo wakarudi, kijana akimvuta kama ndama.

Alisimama mbele ya Bi Miza akidondosha maji, meno yanagongana licha ya joto lote lile.

"Huo mstari mimi nimefunga ni ya Murugi," akasema. "Usichanganye na yako."

"Ni wake," Bi Miza akasema. "Hata akivuna ni wake."

Kahiga akaitika kwa kichwa, akamwambia Makame tarehe ya harusi itoke kabla ya kahawa kuiva, kisha akaniuliza suruali nyingine iko wapi. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, wala sikutafuta leso. Nikageuka niuone huo mstari, lakini bahari ilikuwa imeshaufunika wote, maji matupu kila mahali. Ikabidi Murugi anishike bega, anionyeshe kwa kidole ulipo.