Kiungulia cha Baba

Baba yangu, Mou Dexiang, fundi wa pampu za maji hapa mjini Leshan, hakuwa mtu wa kupaza sauti. Lakini kila akila, tindikali ilimpanda kooni, ikabidi alale ameketi kitini kama abiria wa treni. Vidonge vya hospitali vilimpoza kidogo, kisha moto ukarudi palepale.

Bibi, mama yake, akachoka kumsikia akicheua. Akatuburuta mimi na Baba mpaka kwa Daktari Tan, mwanamke wa dawa za mitishamba. Chumbani mwake hakuna siri: wanaosubiri zamu husimama nyuma yako, wakisikiliza na kutoa maoni.

Daktari Tan akabonyeza vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa Baba, akausikiliza mshipa.

"Toa ulimi. Mh! Pembeni mwekundu sana. Na mshipa umekaza kama uzi wa zeze."

"Ni pilipili," Bibi akadakia. "Nimemwambia mpaka nimechoka."

"Pilipili ipo, Mama, lakini si hiyo tu. Ini limejaa hasira, sasa linalionea tumbo. Bwana Mou, nani amekuudhi?"

"Hakuna."

"Huyu?" Bibi akacheka. "Huyu hata kuku hawezi kumfokea!"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alitazama mkono wake pale juu ya kimto cha kupimia mshipa.

"Deguang," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri. Deguang ni mdogo wake, aliyechukuliwa na mafuriko nikingali mtoto. Mwili haukupatikana; tulizika nguo zake, na kila masika tunafagia kaburi na kumchomea pesa bandia za karatasi, zimfae huko aliko.

"Marehemu hakasirikiwi, mwanangu," Bibi akasema taratibu.

"Hajafa, Mama."

Mama mmoja nyuma yetu, aliyekuwa akitafuna mbegu za alizeti, akabaki mdomo wazi. Mimi nikashika meza.

"Yuko mjini Kunming. Ulipomkataa yule mchumba wake, akaniambia, mwambie Mama nimekufa. Mafuriko yakaja, nikasema yamemchukua. Nilidhani atarudi baada ya mwezi. Yeye anaishi raha zake, mimi kila mwaka ndiye ninayewasha kiberiti!"

Hapo akapiga kelele. Baba yangu! Dirisha likatetemeka.

Bibi hakulia. Alinyoosha mkono wake mkavu mbele ya Daktari Tan. "Nipime," akasema. "Sisikii moyo wangu."

Daktari akampima, akamnywesha maji ya moto, kisha akamwandikia Baba mfupa wa ngisi uliosagwa na mizizi michungu ya kuteremsha moto. "Usilale ukishashiba," akamwambia. "Na mpigie simu ndugu yako leo."

Baba alipiga kutoka ngazini, tukishuka. Siku chache baadaye Ami Deguang akaingia kwetu, mvi kichwani, nyuma yake mkewe, yule mchumba aliyekataliwa. Nilimtazama kama mzuka, kwa maana nilishampigia magoti kaburini. Bibi akavua kiatu akamtwanga nacho mgongoni mpaka yeye mwenyewe akaishiwa pumzi. Kisha akamgeukia mkewe.

"Umekula?"

Mwanamke akatikisa kichwa, machozi yakimtoka, Bibi akaenda jikoni kumkorogea uji.

Ami alisamehewa wiki hiyohiyo. Baba bado. Anakunywa dawa yake, tindikali imepungua, usiku analala kitandani kama watu wengine. Lakini Bibi akitaka kumwambia neno, ananituma mimi.