Ukuta wa Ngeu

Mpaka rangi alikuwa anamalizia kupaka mkono wa pili katika chumba cha kusubiria cha zahanati, rangi ya ngeu, ule udongo mwekundu unaoelekea umanjano, ukuta ulipokohoa. Akaweka brashi juu ya kopo, akanawa mikono, akaenda kumwita mke wa marehemu kaka yake.

Mjane alikuwa anafua. Alikuja na mapovu viganjani, akaketi kwenye benchi, akasikiliza.

"Ni baba watoto, shemeji," alisema. "Kifua chake hicho."

Mumewe alikuwa mchimbaji wa ngeu. Shimo liliwafukia yeye na wenzake wakati wa mvua, kampuni ya rangi iliyowaajiri ikasema kuwafukua ni kujisumbua bure. Ardhi ilipokauka, ikaendelea kuchimba palepale.

"Watoto wamekula?" ukuta uliuliza.

"Wamekula. Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Shimoni. Halafu kwenye kinu. Halafu kwenye kopo."

"Na wenzako?"

"Wengine wako shuleni. Kichwa Ngumu yuko benki, anaringa eti kuna kiyoyozi."

Daktari alilalamika kwamba hajui tena nani anakohoa, akaamuru ukuta upakwe nyeupe. Kulipokucha ngeu ilikuwa imeshajitokeza. Kampuni ilimtuma mtu wake. Alitega sikio ukutani, akaeleza kwa upole kwamba dhamana ya rangi inahusu kubabuka na kupauka, kukohoa haimo. Akaaga. Vyumba vilivyobaki daktari akampa mpaka rangi mwingine.

Mjane akawa anakuja kila akimaliza kuanika. Anaupa ukuta habari za nyumbani: paa linavuja palepale, kifungua mimba amebadilika sauti, jirani kahama bila kuaga. Wagonjwa walisogea kando akae. Wengine walimsabahi mumewe kabla ya kuonyesha kadi zao.

Jioni moja ukuta ukasema, "Mdogo wangu simwoni siku hizi."

"Kapata kazi."

"Wapi?"

Mjane alikuwa amechoka, mgongo unamuuma, hana nguvu hata ya kutunga uongo.

"Pale pako, shimoni."

Muuguzi akachungulia mlangoni, akaita anayefuata. Benchi zima likasogea, mjane naye akasogea nalo.