Shimo la Saba na Kofia ya Marlene

Mjomba Dwight ndiye aliyebuni uwanja wetu wa gofu hapa jangwani Arizona. Akaweka nyumba kadhaa upande wa kulia wa shimo la saba, akajichukulia iliyo nzuri kuliko zote. Kumbe mipira ya wachezaji wengi hupindia kulia! Mkewe, Marlene, akawa anakunywa kahawa barazani na kofia ya pikipiki kichwani.

"Dwight, hamisha shimo, la sivyo nahamia kwa dada yangu Tucson!"

"Wanaokosea ni wasiojua kucheza, mke wangu. Tazama."

Akaenda na fimbo yake pa kuanzia, akapiga. Mpira ukapinda, kioo cha dirisha la jikoni kikavunjika.

"Nimetazama," Marlene akasema, akivuta sanduku lake.

Shimo limehamishwa. Sasa mipira inatua nyumbani kwetu, ng'ambo ya uwanja, na ile kofia anaivaa mama.