Tumbo Lililopashwa Moto

Ugonjwa wa mlipuko ulikuwa umeifunga kliniki ya uzazi miezi minane, na muda wote huo kiinitete cha mshonaji na mumewe kililala kwenye barafu ya maabara. Asubuhi hii kimeamshwa. Daktari alishasema hakigandishwi mara ya pili: saa nne kiingie tumboni mwa mshonaji, la sivyo ndiyo basi. Kingine hawana.

Mshonaji alishuka garini, kibofu kimejaa pomoni kwa maji aliyoamriwa anywe ili kizazi kionekane vizuri kwenye skrini. Mlinzi wa getini akamlenga kipimajoto kwenye paji la uso. Kikalia.

"Thelathini na nane. Dada, huingii."

"Mimi sina homa!"

"Kiambie kipimo, siyo mimi."

Mumewe akaja mbio, barakoa imemning'inia kidevuni. "Kosa langu, kaka. Mtoto anatoka kwenye barafu, nikasema nyumba yake aikute ina joto."

Ndipo mlinzi akaona: sweta mbili, shali nzito, na chupa ya maji ya moto imefungwa tumboni kwa kitambaa. Garini nako vioo juu, hita inaunguruma tangu nyumbani.

"Shemeji, umempika mwenzio!" Mlinzi alicheka hadi akashika geti. "Vua vyote, dada, kaa kivulini. Nakupima tena baada ya dakika kumi. Ikikataa, mrudi nyumbani."

Ilikuwa saa nne kasoro robo. Mumewe akampepea kwa bahasha ya vipimo, ulimi nje kwa bidii.

"Usinichekeshe, nitajikojolea!"

"Sijasema neno!"

"Hiyo sura inatosha!"

Dirisha la juu likafunguka, nesi akachungulia. "Wa saa nne yuko wapi? Daktari ameshavaa glavu!"

Mlinzi akapima, akakisogeza kipimajoto karibu na macho.

"Thelathini na sita na nukta tisa. Pita! Shemeji, wewe hapo hapo, wanaingia wagonjwa tu."

Alipanda ngazi amebana mapaja, anacheka, analia. Alipolala kitandani, nesi akamshikia simu ya video ili mumewe aone skrini kutoka getini. Katikati ya kijivu, nukta nyeupe ikateleza, ikatulia.

"Kimeingia," daktari akasema.

"Nimekaona!" sauti ya mumewe ikapasuka simuni na dirishani kwa pamoja. "Kaka, njoo ukaone kenyewe!"

"Kako wapi? Sogeza simu, shemeji!"

"Nyie wawili, mita moja!" nesi akafoka dirishani, lakini wanaume wale walikuwa wameshakumbatiana.