Kambale Walioshiba

Mzee Mhina wa Mnyuzi hakuwa na gari, hakuwa na cheti cha shule, hakuwa na jirani wa kumbishia kuhusu samaki, na katika miaka yake sabini na miwili hakuwa na mazoea ya kutamka neno "nimekosea". Hilo la mwisho ndilo lililomfunga.

Siku alipowasafirisha kambale ishirini wa kuzalisha kwa mdogo wake Hajira, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafugaji wa samaki kule Kang'ata, aliwalisha asubuhi mpaka wakasaza. "Kwangu hatoki msafiri na njaa," alisema. Kisha akajaza pipa maji hadi mdomoni, akakaza kifuniko kwa mpira wa baiskeli wasije wakaruka.

Sabiri, dereva wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, alikuna kichwa. "Mzee, maji si yamezidi? Hata pa kuvutia hewa hawana."

"Wewe umeona wapi samaki akafa kwa maji mengi? Shika usukani, mambo ya bwawa niachie mwenyewe."

Kang'ata pipa lilifunguliwa, kambale wote matumbo juu. Hajira alipiga simu akilia. Mzee, bila hata kunywa chai, akakiandikia kikundi barua: dereva ameacha mafuta ya gari yaingie kwenye maji. Ikasomwa kikaoni. Tangu hapo hakuna mkulima, wa Kang'ata wala wa Makuyuni, aliyempakiza Sabiri hata gunia moja.

Wiki mbili baadaye mzee alikuwa akirusha pumba bwawani, mkewe Maryamu amesimama pembeni.

"Baba Hussein, hawa wakishakula mbona wanahema kama wewe baada ya futari?"

Mzee alicheka. Kisha akaacha kurusha pumba, akawatazama.

Kwamba kambale hupanda juu kuvuta hewa, alilijua tangu utoto. Alichukua mmoja, akamtia kwenye beseni, akashika saa. Kabla ya kula, nusu saa nzima alipanda mara tatu. Baada ya kula, mara kumi na moja. Labda huyu ni mlafi tu, akajiambia. Akabadilisha samaki. Kesho yake akabadilisha tena. Majibu yaleyale: tumbo likijaa, mwili unafanya kazi ya kusaga, nao unadai hewa zaidi.

Sasa alilijua lile pipa kwa ndani. Aliwaona wakisukuma kifuniko kwa vichwa, mmoja juu ya mwingine, na safari bado ya saa nne nzima.

Siku tatu hakutoka nje ya ua. Ya nne Sabiri akabisha hodi.

"Shikamoo mzee. Jumamosi namrudishia tajiri gari lake, kazi hakuna. Ijumaa akina mama wana kikao. Ungewaambia neno..."

"Marahaba. Nitatazama."

Nitatazama! Alibaki ameshika nguzo ya mlango mpaka muungurumo wa kirikuu ukapotea.

"Mpigie Hajira simu, yaishe," Maryamu alisema.

"Simu ataisikia yeye peke yake. Barua ilisomwa mbele za watu."

"Basi andika nyingine. Au wino umekauka?"

Ya kwanza alilaumu joto, akaichana. Ya pili aliandika kwamba "makosa yalitokea". Akaisoma kwa sauti, Maryamu akaguna, mzee akaichana. Ya tatu ilikuwa fupi:

"Maji hayakuwa na mafuta. Mimi niliwalisha, mimi nikajaza pipa, mimi nikafunga. Kambale aliyeshiba anahitaji hewa kuliko mwenye njaa, nami sikumwachia hata kidogo. Sabiri alinionya, nikamdharau. Nimekosea. Naomba isomwe kikaoni yote, bila kuruka mstari."

Alhamisi asubuhi, stendi ya Korogwe, Eliasi, kondakta wa basi la kwenda Kang'ata kupitia Handeni, alinyoosha mkono dirishani. "Lete barua, mzee, tunaondoka."

Mzee Mhina alilamba ukingo wa bahasha, akaukandamiza kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe, akampa.