Wafiwa Wapitao kwa Charito

Jumatatu, Charito alipofungua kituo chake cha simu, hakuna mgeni hata mmoja aliyepanda ngazi, na yeye ndivyo alivyotaka. Jumanne walipanda thelathini na mmoja.

Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la misumari na rangi, nyuma ya soko la mji wa Calbayog, Ufilipino. Kukifungua kulimtoa jasho. Serikali ya mtaa ilitaka kwanza karatasi ya zimamoto, na zimamoto walitaka kwanza karatasi ya serikali ya mtaa. Alizunguka wiki mbili, mpaka karani mmoja mzee akamwonea huruma, akazipeleka zote mbili mwenyewe kwa pikipiki yake na kuzirudisha zimegongwa mihuri. Kuta Charito alizibandika trei za mayai ili sauti zisivume. Ndani aliweka meza tatu, kompyuta tatu na hedifoni tatu: za Jovelyn, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi; za Renante, aliyekaribia kuwa padri kisha akaghairi; na za kwake mwenyewe.

Kazi yao ilikuwa kupokea simu za kliniki za meno za Australia. Mtu ana jino linamuuma kule Adelaide, anapiga simu, inalia Calbayog, na huku anaandikiwa siku ya kumwona daktari. Mwenye kliniki, Bi Glenda, alikuwa amewapa wiki moja ya majaribio. Alhamisi, tangu saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, angesikiliza kila simu akiwa hukohuko kwake, kisha aseme kama anawachukua au hawachukui. Alisisitiza jambo moja tu, utulivu. Hakutaka wateja wake wasikie jogoo, wala pikipiki, wala mtu anayeimba.

Miaka tisa Charito alifanya kazi hiyohiyo Manila, na binti yake Kristel, sasa mwenye miaka kumi na mmoja, alilelewa na bibi yake, Mama Salud, mama mzazi wa Charito. Nafasi yake ya Manila ilikuwa bado inamngoja mpaka Ijumaa. Bi Glenda akikataa, Jumamosi Charito anapanda basi tena na kumwacha mtoto.

Sasa Jumatatu hiyohiyo, alasiri, nyumba ya tatu kutoka hapo, Mzee Isko fundi viatu akafariki. Turubai likafungwa mbele ya nyumba, karata za kukeshea zikatoka, birika la kahawa likawekwa jikoni. Maziko yangekuwa Jumapili, maana mwanawe alikuwa anatoka Dubai.

Na mtu akitoka matangani haendi nyumbani kwake moja kwa moja. Anapitia kwanza mahali pengine, anakaa kidogo, ili kifo kama kimemfuata kimpotee hapo. Miaka yote watu wa mtaa ule walipitia duka la mikate la Mama Ading, wakala mkate wakaenda zao. Safari hii wakapanda kwa Charito.

"Habari za kazi, mwanangu," alisema bibi wa kwanza, akaketi kwenye kiti cha Jovelyn aliyekuwa ameenda chooni. "Tumetoka kwa Isko. Tunakaa kidogo tu."

"Bibi, samahani, hapa tuna simu."

"Simu ninayo, mwanangu, asante." Akaitoa mfukoni amwonyeshe.

Nyuma yake akaingia mwanamume mwenye kofia. "Kuchaji ni peso ngapi?"

"Hatuchaji, kaka."

"Bure?" Akaanza kutafuta soketi.

Wakaendelea kuja, wanne, saba, mama na watoto wake. Kila mmoja aliingia kwa adabu, akavua ndala mlangoni, akasifu trei za mayai. Charito alipowaambia kwa upole kwamba hapa si mahali pa kupumzika, walimwambia kwa upole kwamba hawachoki upesi.

"Dada," Jovelyn alimnong'oneza jioni, "kuna mzee ananiomba nimuulizie daktari wa Australia habari za gego lake."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwandikia Alhamisi ijayo. Alinitia huruma."

"Jovelyn, gego liko Calbayog. Daktari yuko Adelaide."

"Ndiyo, dada. Nitamfuta."

Jumatano asubuhi Mama Ading alikuwa chini ya ngazi, mikono kiunoni, unga hadi viwikoni.

"Umeniibia wafiwa wangu."

"Mama Ading, nakuomba, wachukue. Wachukue wote."

"Mfiwa mmoja anakula mikate minne. Jana nimewapa paka. Umewaahidi nini huko juu?"

"Sijawaahidi kitu. Nawafukuza na hawafukuziki."

"Basi hujui kufukuza," alisema Mama Ading. "Una uso wa mama yako." Akarudi zake kwenye tanuri.

Mchana huo, simu mbili zikiwa zimeharibika kwa kelele za watoto, Charito alishuka kwenda kwa mjane, Mama Pacing. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na yote yalikuwa makali. Alisimama kwanza mbele ya jeneza. Mzee Isko alikuwa amevishwa viatu alivyovishona mwenyewe, vimepigwa rangi vizuri sana. Maneno makali yakapungua kidogo. Kisha Mama Pacing akamvuta mkono, akamkalisha, akampa kahawa yenye sukari nyingi.

"Wanafika?" mjane aliuliza.

"Nani, mama?"

"Watu. Nimemwambia kila anayekuja: usipite kwa Ading, Ading ameshiba. Pita kwa binti wa Salud. Jumatatu asubuhi nilikuona dirishani kwako, mlango wazi, hakuna anayeingia. Nikamwambia Isko, yule mtoto duka lake litakufa. Akasema, biashara mpya inataka miguu. Ndiyo maneno yake ya mwisho yenye maana, baada ya hapo alitaka maji tu."

Charito aliishika kahawa bila kuinywa. Mwanamke huyu alikuwa amefiwa na mume, na katikati ya kuosha maiti na kuhesabu viti alikuwa amekumbuka kumtafutia wateja. Angemkasirikiaje? Lakini hasira ilikuwepo, haina pa kwenda.

"Mama, wateja wangu wako Australia. Wanapiga simu. Hawapandi ngazi."

"Basi wakipiga wasikie watu. Duka lililo kimya nani ataliamini?"

"Hawa wanataka kimya. Kesho mwenye kazi anasikiliza. Akisikia kelele ananikataa, na Jumamosi narudi Manila."

Mama Pacing aligeuza kiti amtazame vizuri. Nyuma yake mtu alipiga karata mezani, wengine wakacheka.

"Unamwacha tena mtoto?"

"Namwacha tena."

"Mpaka saa ngapi huyo mtu wako anasikiliza?"

"Saa sita."

"Nitawaambia wasipande," alisema mjane. "Mbona hukusema tangu jana? Umekaa unateseka tu, kama huna jirani."

Alitimiza. Alhamisi saa tatu ngazi zilikuwa tupu. Simu zikaanza kuingia, zikapokelewa moja moja, sauti safi. Kufikia saa nne Charito alikuwa ameanza kupumua.

Lakini Mama Pacing alikuwa hajalala siku tatu, na asubuhi hiyo dada zake walimlazimisha ajilaze. Alipokuwa amelala waliondoka ndugu wa marehemu waliofika usiku kutoka milimani. Hao walikuwa na habari ya Jumanne, ya kupitia kwa Charito, si ya Jumatano, ya kutopanda. Wakauliza njia ya kwa binti wa Salud, wakaonyeshwa, wakapanda. Walikuwa ishirini na wawili, na mtoto mchanga mmoja.

Charito alikuwa katikati ya simu ya mama mwenye jino lililovunjika. Hakuweza kusema wala kuinuka. Aliweka kidole mdomoni, akawatolea macho.

Wao walisimama mlangoni wakatazama. Waliona watu watatu wameinamisha vichwa, wanasema polepole kwa lugha wasiyoijua, kila mmoja na utepe mweusi kichwani. Mzee wao akavua kofia. Bibi mmoja akajifunika kitambaa, akaketi sakafuni ukutani, na wote wakaketi baada yake, mikono imekunjwa. Mtoto mchanga akapewa titi kabla hajafungua kinywa. Katika siku zote tatu chumba hakikuwahi kuwa kimya namna ile.

Kisha Renante akamaliza simu yake. Alikuwa na sauti ile aliyofundishwa na mapadri, ya chini, inayoteremka mwishoni. Alimtakia mzee wa Adelaide afya njema na siku yenye amani.

"Amina," walisema watu ishirini na wawili, kwa heshima kubwa.

Charito alifumba macho. Renante akapokea nyingine. Alijaribu kuimaliza bila kuiteremsha sauti, ikateremka yenyewe.

"Amina."

Ilitokea mara tisa. Saa sita kamili simu ya mezani ikalia. Alikuwa Bi Glenda.

"Charito, nimesikia watu. Wengi. Ni nini hicho?"

Angeweza kusema ni redio. Alikuwa amekwisha kulifikiria neno hilo tangu amina ya pili. Lakini alikuwa amechoka, na uongo nao unataka nguvu. Akamwambia yote bila kupumzika: fundi viatu, kifo kinachofuata watu njiani, duka la mikate, mjane aliyemtafutia miguu, wafiwa waliodhani kituo cha simu ni ibada. Bi Glenda alimsikiliza mpaka mwisho.

"Bado wako hapo?"

"Wako. Wanamngoja Renante aseme tena."

Bi Glenda akakohoa, au akacheka, haikujulikana.

"Simu arobaini na moja, zimepokelewa zote," alisema. "Hakuna mteja aliyelalamika. Mmoja amesema hajawahi kuagwa vile. Lakini kelele sizitaki. Ni kanisa leo, kesho itakuwa nini? Sikupi mwaka. Nakupa miezi mitatu, tuone. Maziko ni lini?"

"Jumapili."

"Basi anzeni Jumatatu."

Charito aliweka simu chini. Akawaambia wageni kwamba sasa wanaweza kwenda nyumbani salama. Wakamshukuru mmoja mmoja, wakatafuta ndala zao kwa muda mrefu. Halafu akapiga simu Manila, akaeleza habari ya miezi mitatu.

"Nafasi yako nimpe mtu mwingine?" msimamizi wake wa zamani aliuliza.

"Mpe."

"Una hakika? Miezi mitatu si kitu, Charito."

"Najua. Mpe."

Alimfuata Kristel shuleni saa kumi. Wakatembea kando ya mtaro, begi kati yao.

"Jumamosi siendi," alisema Charito.

Kristel aliendelea kutembea. "Mpaka lini?"

"Miezi mitatu kwanza."

"Kisha?"

"Kisha sijui. Nikifanya vizuri, zaidi."

Mtoto alipiga hesabu kimya, kidole juu ya kidole. Akafungua begi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Kuna mkutano wa wazazi mwezi ujao. Nilikuwa nimeandika jina la bibi."

Charito akaomba kalamu. Kristel akampa, akageuka na kumwinamia, na Charito akaiweka karatasi juu ya mgongo wa mwanawe, akakata jina moja na kuandika lingine.