Fuko Juu ya Paa

Mgodini walimwita Fuko, kama yule mnyama achimbaye chini ya ardhi, na jina hilo alilibeba kwa maringo miaka yote, mpaka mgodi wa makaa ya mawe ulipofungwa na yeye akapelekwa kozi ya kufunga paneli za sola. Fuko, juu ya paa. Siku alipojiona kwenye kioo na ule mkanda wa usalama kiunoni, alicheka mpaka akapaliwa.

Darasani hakuwa na shida. Shida ilikuwa ngazi. Chini ya ardhi mtu hana pa kuangukia, ameshafika. Juu ya bati, Fuko aligundua kwamba ule ushujaa wote aliokuwa akijitapia ulikuwa wa kwenda chini tu.

Na siku ya mtihani haikumpa nafasi ya kutania. Kaka wa mkewe alikuwa amemwekea kazi ya kufungua geti la nyumba yake, na alitaka jibu siku hiyo hiyo. Akifeli, nafasi yake ya kozi inakwenda kwa mwingine, na Fuko atampigia saluti kila asubuhi mtu aliyewahi kusema mbele ya ukoo mzima kwamba dada yake ameolewa na shimo.

Asubuhi mkewe alivaa viatu vyake vya kutokea.

"Nakwenda kwa kaka. Nimwambieje?"

"Mwambie bado nafikiria."

"Unafikiria geti au paa?"

Fuko alijitia kutafuta kofia yake, ambayo ilikuwa kichwani.

Mtihani ulikuwa kwenye paa la zahanati. Mwalimu, binti wa rika la kitinda mimba wake, alikuwa anatembea juu ya bati kama yuko sebuleni kwao.

"Karibu, mzee. Paneli moja, bolti nne, basi."

Fuko alifika kwa magoti. Akapiga moyo konde, akafanya jambo moja alilolijua: akafumba macho. Giza likamrudia, na mikono ikakumbuka kazi. Akapapasa fremu, akailaza paneli, akakaza bolti moja baada ya nyingine. Kichwa kikaanza kumvimba.

"Tayari, mwalimu."

Mwalimu aliinama, akaitikisa paneli.

"Umekaza vizuri sana, mzee. Hata dhoruba haiing'oi. Ila umeilaza kifudifudi."

Fuko alipapasa tena. Kweli, kioo kilikuwa kinatazama bati.

"Nimezoea mali kuwa chini, mwanangu," alisema, na wote wawili wakacheka, yeye zaidi.

"Muda bado upo. Igeuze. Lakini safari hii macho wazi, la sivyo sikupitishi."

Kicheko kikamwisha.

"Naogopa," alisema. Neno hilo hakuwahi kulitamka mgodini, hata siku alizokuwa na kila sababu.

"Najua. Fumbua tu."

Akafumbua. Anga lilikuwa kubwa kupita kiasi. Akatafuta ngazi kwa macho, angalau ajue njia ya kukimbilia, akamwona mkewe chini, ameikumbatia kwa mikono miwili, viatu vya kutokea vimezama kwenye tope.

"Mama watoto! Hukwenda kwa kaka yako?"

"Ningekwendaje? Ngazi angeishika nani?"

Fuko alijifuta macho kwa kiganja, akachukua spana, akaanza kuilegeza bolti ya kwanza.